SKULI NA MAHITAJI YETU: NI NANI ANAYEYATAJA?



Mwezi uliopita walikuja vijana wawili kwenye lango la karakana moja kutafuta kazi. Nilikuwapo, na yote ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu. Vijana hao ni wa Kaloleni, wa nyumba moja, baba zao ni ndugu. Waliniamkia kwa adabu, nami nikawapeleka kwa fundi mkuu.

Wa kwanza amemaliza Kidato cha Nne. Cheti chake amekifunga ndani ya nailoni, hakina hata doa. Fundi mkuu akampa spana akamwambia, "Fungua bolti ile." Kijana aliishika ile spana kama mtu aliyepewa nyoka. Akaulizwa bolti ni ya kipimo gani, akanyamaza. Miaka kumi na miwili amekaa darasani, wala hakuna siku hata moja aliyopewa chombo cha chuma mkononi.

Wa pili aliacha skuli Darasa la Sita. Lakini amefundishwa kuchomelea vyuma na fundi mmoja wa kando ya barabara pale Mariakani, na mkono wake ni mkono hasa. Alichomelea kipande, fundi mkuu akakigeuza mara tatu akitafuta kasoro asiione. Kisha akampa fomu aijaze. Kijana akaniangalia mimi. Kumbe hajui kusoma sawasawa. Na ukutani palikuwa na tangazo la hatari ya umeme, limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu, naye alikuwa ameliegemea kwa bega lake.

Wote wawili walirudi nyumbani kwa matatu moja, bila kazi. Mmoja ana kalamu hana mkono, na wa pili ana mkono hana kalamu. Ndugu zangu, kosa si la vijana hawa. Jambo ninalotaka kulileta mbele yenu leo ni hili: skuli zetu za Pwani hii, tangu Mazeras mpaka Malindi na Marereni, zimejengwa kwa mahitaji ya nani?

Mimi mwenyewe nimesoma skuli ya misheni, ya msingi tu. Walimu wangu siwalaumu, maana kalamu hii ninayoandikia ndio walionipa. Lakini nakumbuka somo la kilimo. Tulifundishwa chai, pareto na ngano, mazao ya nchi za baridi. Nilijua kwamba chai huchumwa majani mawili na kichipukizi chake. Nje ya dirisha ilisimama minazi, mikorosho na mihogo, wala hapana aliyenyosha kidole kutuonyesha. Miaka ile ile maua ya mikorosho ya babu yangu yalikuwa yakifunikwa na unga mweupe, yakikauka na kupukutika. Babu alisema ni jicho la watu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaambiwa kwamba ni ugonjwa wa ukungu, na dawa yake ni unga wa salfa. Jambo la kufundishwa kwa robo saa! Babu alikufa bila kulijua, na mjukuu wake alipata alama nzuri katika somo la kilimo.

Sasa, mtu akisikia maneno haya ataruka na kusema: "Basi elimu ifuate mahitaji ya watu!" Nami nasema ndiyo. Lakini tusikubali haraka kabla ya kuuliza ni nani anayeyataja mahitaji hayo. Maneno haya si mapya kwetu. Yamekwisha kusemwa zamani, na mara nyingine yalisemwa ili kutufunga.

Angalieni historia ya hapa hapa. Mwaka 1846 wamisionari Krapf na Rebmann walianza kituo chao Rabai, si mbali na stesheni yetu ya Mazeras. Walihitaji watu wa kusoma Injili, basi wakafundisha kusoma. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901. Serikali ya Waingereza ilihitaji mafundi na vibarua, ikawaleta kutoka India zaidi ya watu 30,000. Wengi walikufa, na jasho lao hatulidharau; sisi wa reli ni warithi wao. Lakini reli ilipita katika nchi ya babu zetu, wala hapana aliyefikiri kumfundisha Mrabai au Mgiriama kazi ya ufundi. Kisha mwaka 1913 na 1914 Serikali ile ikahitaji vibarua wa mashamba na wa mji, ikawataka Wagiriama. Mekatilili wa Menza akasimama akakataa, na mnajua yaliyompata: alikamatwa akapelekwa mbali mpaka Kisii. Kila mara palikuwa na "mahitaji", lakini hayakuwa ya mwenyeji.

Na mwenyeji alihitaji nini hasa katika miaka ile? Mwaka 1908 ilitoka sheria ya hati za ardhi za Pwani. Kila mwenye dai alitakiwa alilete liandikwe. Aliyekuwa na karatasi na mtu wa kumsomea aliandikiwa. Wengi wa Mijikenda hawakuandikiwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Mpaka leo wako watu katika wilaya zetu wanaoitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Basi hitaji la kwanza la watu wetu mwaka ule halikuwa jembe. Jembe walikuwa nalo. Hitaji lao lilikuwa kuijua karatasi.

Mwaka 1924 ilikuja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kutazama elimu ya Afrika ya Mashariki. Ilishauri kwamba skuli ya Mwafrika ifuate maisha ya kijiji: kilimo, kazi za mikono, usafi wa nyumba. Maneno mazuri. Hata mimi leo naweza kuyatia sahihi. Lakini mtoto wa Mzungu hakuambiwa afuate maisha ya kijiji. Wazazi wengi wa Kiafrika wakaona kwamba mwana wao anapewa jembe ili kalamu ibaki kwa wengine. Wazee hawakulikataa jembe. Walikataa kuambiwa kwamba jembe ndio mwisho wao. Ndiyo sababu mpaka leo mzazi akisikia "elimu ya ufundi" hukunja uso. Anadhani ni mahali pa kutupia watoto walioshindwa. Hofu hiyo ina asili yake, tusiicheke.

Baada ya Uhuru tumejaribu mara nyingi. Tume ya Ominde ilitoa taarifa yake mwaka 1964 na 1965. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa liliuliza swali kubwa kuhusu watoto wanaomaliza skuli ya msingi: baada ya hapo, waende wapi? Katika swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwaka 1967 jirani yetu Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea kule Tanzania. Mwaka 1985 tukaingia mpango wa 8-4-4, ulioahidi kazi za mikono kwa kila mtoto. Wazazi walichangishwa fedha za kujenga karakana za skuli. Baadaye masomo mengi ya mikono yalipunguzwa, na katika skuli nyingi chumba kile kikawa ghala la madawati yaliyovunjika. Sasa tuna mtaala wa umilisi, ulioanza katika Gredi za kwanza mwaka 2019. Kundi lake la kwanza lilipangiwa kuingia sekondari ya juu mwaka 2026, na huko mwanafunzi achague njia moja katika tatu: sayansi na ufundi, au elimu ya jamii, au sanaa na michezo.

Mpango si mbaya. Lakini mpango ni kama ratiba ya gari moshi. Ratiba ikibandikwa ukutani haimpeleki abiria popote kama hapana injini. Skuli isiyo na maabara, isiyo na umeme, isiyo na mwalimu wa fizikia, itampa mtoto njia ya sayansi kwa jina tu. Na mtoto huyo ni wa Ganze na Magarini, si wa mji mkubwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi sisi tunaokilalia tutaje wenyewe. Nitatoa mifano michache ya nchi yetu.

Wa kwanza ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kijiji cha wavuvi. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha satelaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini pale. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya Uhuru, Waitaliano hao hao walirusha kutoka pale pale satelaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengenezwa makusudi kuchunguza miali ya eksirei ya nyota. Waliendelea kurusha mpaka mwaka 1988, na kituo cha nchi kavu bado kipo kufuatilia satelaiti. Sasa niulize: mtoto wa mvuvi wa Ngomeni anayekiona kituo kile kila asubuhi, ni lini skuli yake ilimfundisha kwa nini kitu huruka juu wala kisianguke? Ameishi kando ya chuo kikubwa cha dunia bila kufunguliwa mlango.

Wa pili ni Malindi mjini. Waitaliano wa kituo kile walifuatwa na wageni wengine wengi wa kwao. Leo utamkuta kijana ambaye hakumaliza Darasa la Nane anasema Kitaliano kama aliyezaliwa Roma. Nani alimfundisha? Shida. Hii inatuonyesha kwamba watoto wetu si wazito wa akili. Penye haja, wanajifunza upesi kuliko skuli inavyoweza kufundisha. Lakini Kitaliano chake ni cha kuuza vinyago na kubeba mizigo. Akiletewa mkataba wa kazi au wa kiwanja katika lugha ile ile, hawezi kuusoma. Shida ilimfundisha kuhudumu. Skuli ndiyo ingemfundisha kuandika mkataba wake mwenyewe.

Wa tatu ni mfano wa kutupa moyo. Pale Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianzishwa mpango wa Kipepeo mwaka 1993. Wakulima waliokuwa wakiuona msitu kama adui wa mashamba yao, maana tembo na nyani hutoka humo, walifundishwa kufuga viwavi vya vipepeo. Vifukofuko vyake huuzwa Ulaya na Marekani katika nyumba za maonyesho. Mama wa kijijini akajua jina la kila kipepeo, jani analokula, na siku atakazotoka katika kifuko. Hiyo ni sayansi, ndugu zangu, na imeanzia uani kwake.

Na wa nne ni Kilifi. Tangu mwaka 1989 pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, karibu na hospitali. Kazi yake ilianza na ugonjwa unaoua watoto wetu, malaria. Leo wataalamu wa dunia nzima husoma yanayoandikwa Kilifi. Nautaja mfano huu kwa sababu wako ndugu watakaonipinga wakisema: "Wewe unataka mtoto wetu afundishwe korosho na samaki, halafu mtoto wa Nairobi awe daktari." Hapana. Kilifi imetuonyesha kwamba elimu ikianza na shida ya hapa inaweza kupanda mpaka kilele cha elimu ya dunia. Kuanzia hapa si kuishia hapa.

Hata reli ni mwalimu. Reli ya zamani ina nafasi ndogo katika kila kiungo, ndiyo ule mlio tunaousikia gurudumu likipita. Nafasi ile iliwekwa kwa sababu chuma kikipata jua hurefuka. Reli mpya, iliyofunguliwa Mei 2017, imechomelewa ikawa ndefu bila viungo vile, na imefungwa kwa nguvu juu ya mataruma ya saruji ili isipinde. Mpelekeni mtoto wa Mariakani pale kwa saa moja pamoja na mwalimu wake, ataijua fizikia ya joto maisha yake yote. Vivyo hivyo mkorosho ni kemia, na ngalawa ni hesabu. Si lazima tununue vitabu vipya kwanza. Lazima kwanza mwalimu aruhusiwe kufungua dirisha.

Nami nasema jambo hili katika jarida la Chama kwa sababu ni jambo la mshahara wetu. Reli ya kwanza ilijengwa na mafundi waliotoka India. Reli ya pili, baada ya miaka zaidi ya mia moja na zaidi ya miaka hamsini ya Uhuru, ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, na mafundi wakuu wakaja kutoka China. Vijana wa Kenya walifundishwa, wengine huko huko China, na wanafanya kazi nzuri. Lakini tazameni reli inapopita Mazeras na Mariakani: ni vijana wangapi wa vijiji vile walipanda kutoka kushika koleo hadi kushika mtambo? Wageni hawana kosa la kujua kazi. Kosa ni letu kama reli ya tatu itatukuta tumekaa pale pale.

Kwa hiyo naleta mashauri haya, na katika mkutano ujao wa tawi nitaomba yawe azimio:

1. Kila mwanachama mwenye mtoto aende skulini aulize: skuli za sekondari ya juu za karibu zina njia zipi, maabara gani, na mwalimu wa somo lipi? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi viti katika bodi za skuli. Viti hivyo tusiwaachie wafanya biashara na wanasiasa peke yao. Mfanya kazi anayejua spana ni nini ana neno la kusema.

2. Katiba ya mwaka 2010 imeiweka kazi ya vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Basi hatuna haja ya kupiga kelele mpaka Nairobi. Tuwaulize wajumbe wetu wa Kaunti ya Kilifi: chuo fulani kina vyombo gani, na kinafundisha kazi ipi inayopatikana hapa? Mashine za chumvi za Gongoni, barafu na injini za wavuvi, umeme wa hoteli, usindikaji wa korosho na nazi. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilifungwa miaka ya 1990, lakini mikorosho haikufungwa. Bado inazaa.

3. Vyuo hivyo visifundishe mkono peke yake. Kila anayejifunza ufundi ajifunze pia kusoma mkataba, hati ya ardhi, na sheria ya kazi. Fundi asiyejua kusoma ni mali ya anayemsomea.

4. Kwa wale waliokwisha kujua kazi bila cheti, Chama kiwe na darasa la jioni la kuwatayarisha kwa mitihani ya ufundi ya Serikali, daraja la tatu hata la kwanza. Wenye kalamu miongoni mwetu wafundishe bila malipo. Mimi nimejitolea siku ya Jumanne.

5. Na ninaposema kijana, nasema na binti. Binti wa Kaloleni ana macho na mikono kama kaka yake, wala bolti haiulizi aliyeifunga ni nani.

Wengine mtaniambia kwamba kazi ya Chama ni mshahara, si skuli. Nawajibu: mwajiri hupunguza mshahara wa mtu anayeweza kupatikana popote. Fundi aliyesoma, anayeijua kazi na kuijua haki yake, hapatikani popote. Skuli ndiyo mahali mapatano yetu ya mshahara yanapoanza, miaka ishirini kabla ya sisi kuketi mezani na mwajiri.

Wale vijana wawili sikuwaacha. Jumapili moja nilipita kwao Kaloleni baada ya ibada. Niliwakuta chini ya mwembe, wa cheti amevaa miwani ya kuchomelea, na wa pili ana kitabu cha mtoto wa Darasa la Pili magotini, anasoma kwa kidole. Mama mmoja wa nyumba ile aliniambia, "Baba, hawa tangu siku uliyowapeleka wanashindana." Sijui kama watapata kazi. Nasafiri nao njia moja tu, ya kuwaambia kwamba kila mmoja wao anayo nusu ya kitu ambacho skuli ingewapa kizima.

Ni aibu kwetu kwamba vijana wawili wanajijengea skuli chini ya mwembe, na skuli yenyewe iko mwendo wa dakika tano, imefungwa kwa kufuli kwa sababu ni Jumapili.

Ndimi ndugu yenu katika kazi,
MFANYA KAZI WA RELI, MARIAKANI